Nimekubali kwamba nina hasira, mbona wamenikatalia kundi?

Dada Mshauri, pole na kazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, naishi Mwanza. Ni fundi mkuu kwenye gereji ya mabasi. Nafungua injini na nasimamia vijana. Sijisifu, lakini basi likitoka mikononi mwangu halirudi na tatizo lile lile.

Mwezi wa pili tulikuwa na basi la safari ya alfajiri, liko juu ya jeki tangu jioni. Kijana mmoja akafunga giaboksi bila kuweka gasketi, oili yote ikamwagika sakafuni. Nilimrushia spana, ikampata begani. Wenzake wakanishika. Mwenye gereji alilipia matibabu yake, akaniita ofisini, akasema hanifukuzi kwa sababu tumetoka mbali, ila usimamizi sitaushika tena mpaka nimletee barua kwamba nimehudhuria mafunzo ya kudhibiti hasira. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Nikaulizia, nikaelekezwa kwenye kituo kimoja cha ushauri nasaha chenye kundi la wanaume linalokutana kila Jumamosi. Nilienda kwa moyo mweupe. Nilidhani nitaandikisha jina, nitalipa, nitapewa tarehe ya kuanza. Badala yake nikakalishwa na mama mmoja mtu mzima, mpole, akaanza kuuliza. Nalala saa ngapi. Nakunywa nini, kiasi gani, siku gani. Kama nimewahi kuumia kichwa. Kama kuna panga au silaha nyumbani. Nilikuwa nawaza nini kabla sijarusha ile spana. Baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Kama yupo mtu anayenikasirisha na sithubutu kumwonyesha. Kama watoto wangu hunyamaza ninapoingia ndani.

Nilijibu ukweli. Nilimwambia kwamba miaka minne iliyopita nilianguka na bodaboda njia ya Igoma, nikapoteza fahamu, nikalazwa. Mke wangu husema tangu ajali ile nimekuwa mtu mwingine. Mimi naona anatafuta sababu tu, hasira nilikuwa nayo tangu ujana. Nilimwambia nakunywa wikiendi, bia nne tano, si mlevi. Nilimwambia mke wangu sijawahi kumpiga, ila kuna siku nilimsukuma akaangukia meza, na simu yake niliwahi kuivunja kwa sababu alikuwa ananificha meseji za dada yake, aliyekuwa anamshawishi aondoke. Na nilimwambia kwamba bosi wangu sijawahi kumpandishia sauti hata siku moja, pamoja na maneno yote anayonitupia.

Hapo akauliza kama anaweza kuzungumza na mke wangu, mimi nisiwepo. Nilikataa. Mambo ya ndani ya nyumba yangu si ya kusimuliwa ofisini.

Mwishoni akaniambia: "Kwa sasa sitakuweka kwenye kundi. Njoo tuonane mimi na wewe kwanza, na ningependa daktari akuangalie hicho kichwa. Baadaye tutaona." Dada, nilitoka pale nimeishiwa nguvu. Rafiki yangu aliyenielekeza kituo hicho alipita kwenye kundi hilo hilo, na yeye alimvunja mtu taya. Yeye alifaa, mimi sifai? Maana yake mimi ni mgonjwa wa akili, au ni mtu mbaya kuliko yeye?

Sasa kuna jamaa anaendesha semina ya hasira ya siku mbili. Ukilipa unaingia, huulizwi kitu, na Jumapili jioni unapewa cheti. Bosi atakipokea. Mke wangu anasema nirudi kwa yule mama. Kaka yangu mkubwa anasema mwanamume hakai chumba kimoja na mwanamke kumweleza habari za ndoa yake, nichukue cheti niokoe kazi. Nifanye nini?

Jina langu lihifadhiwe.
Fundi, Mwanza

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Fundi,

Pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha. Wengi hufika kwa washauri wakiburutwa na wazee au na polisi. Wewe, hata kama bosi ndiye aliyekusukuma, ulitafuta kituo mwenyewe na ukajibu maswali magumu kwa ukweli. Kuambiwa "subiri kwanza" baada ya hapo lazima kuume.

Niseme nilivyokuelewa. Unataka nafasi yako kazini kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Ulidhani kundi ndiyo njia, na mlango haukufunguka. Sasa mkeo anakuvuta huku, kaka yako kule. Chini ya hayo yote kuna swali ambalo naona ndilo linalokukosesha amani: nina nini mimi ambacho aliyemvunja mtu taya hana?

Nianzie hapo, kwa sababu naona maneno ya yule mama umeyasikia kama hukumu, kana kwamba amewapanga watu kuanzia mbaya mpaka mbaya zaidi. Tathmini haifanyi kazi hivyo. Mtu aliyetoka jela anaweza kukubaliwa siku hiyo hiyo, na mzee wa kanisa ambaye hajawahi kumgusa mtu akaambiwa asubiri. Anayetathmini anatafuta mambo mengine: hasira yako inatoka wapi, inamwangukia nani, na kama ukikaa na wanaume wengine kwa wiki kadhaa utapata kitu, na wao na familia zenu mtabaki salama. Rafiki yako huenda alikuwa na ugomvi wa baa na mtu asiyemfahamu, hana ajali ya kichwa, na nyumbani kwake hakuna anayemwogopa. Simjui. Lakini unaona kwamba kwa mtu wa namna hiyo maswali yale yale yangezaa jibu tofauti na lako.

Pengine itakusaidia kujua ndani ya kundi kunafanyika nini. Msingi wa mafunzo haya uliwekwa mwaka 1975 na mwanasaikolojia wa Marekani, Raymond Novaco. Alisema hasira iko kwenye mawazo, kwenye mwili na kwenye matendo, na mtu anaweza kujifunza kuikabili kote huko. Mwongozo mmoja uliotolewa na serikali ya Marekani mwaka 2002 una vikao 12, kimoja kila wiki, cha dakika 90, kwa kundi la watu 5 hadi 10. Kila mmoja huulizwa: wiki hii hasira yako ilipanda mpaka ngapi, kati ya 1 na 10? Nini kiliichochea? Mwili ulikuambia nini? Ulifanya nini ili isifike 10?

Siku ya spana ulifika 10. Kundi lingekuuliza ulifika 4 saa ngapi. Je, ilikuwa ulipoona oili sakafuni, au tangu mchana, bosi alipokutupia neno ukalimeza? Unaandika kwamba hujawahi kumpandishia sauti. Nashangaa maneno unayoyameza kule ofisini huwa yanaishia wapi.

Na yanasaidia, mafunzo haya. Mwaka 1998 Richard Beck na Ephrem Fernandez walikusanya tafiti 50 zilizohusisha watu 1,640, wakaona kwamba mtu wa kawaida aliyepata matibabu ya aina hii alikuwa na hali nzuri kuliko watu 76 katika kila 100 ambao hawakuyapata. Lakini hiyo ni picha ya jumla, na ndani yake wamo wasiopata kitu. Mwaka 2003 Kevin Howells na Andrew Day, waliokuwa wakifanya kazi Australia, waliandika kuhusu mambo yanayomfanya mtu asiwe tayari. Baadhi utayatambua: kuletwa kwa shinikizo, kuamini kwamba kila hasira yako ilikuwa na haki, na kuwa na matatizo mengine yaliyoambatana na hasira ambayo hayajashughulikiwa. Kuletwa kwa shinikizo peke yake hakumzuii mtu. Wengi huanza hivyo. Kwako nadhani yule mama aliyaona hayo matatizo mengine.

La kwanza ni kichwa. Pigo linalompotezea mtu fahamu linaweza kugusa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia. Mara nyingi mwenyewe ndiye wa mwisho kuona kwamba amebadilika. Unasema mke wako anatafuta sababu, kwa kuwa hasira ulikuwa nayo tangu ujana. Je, haiwezekani yote mawili yawe kweli? Kaka yako alikujua kabla ya ajali na baada yake. Badala ya kumuuliza habari za cheti, ungemuuliza hilo. Kama kuna kitu kichwani, mazoezi ya kundi yanayotegemea kukumbuka na kujizuia ndani ya sekunde moja yatakushinda, nawe utajiona mzembe kumbe ulihitaji daktari kwanza. Na kuonwa na daktari hakukufanyi kuwa mgonjwa wa akili.

Bia sitakaa nazo sana. Makundi mengi hudai mtu aje bila kilevi na aweze kukaa bila kunywa. Nakuuliza moja tu, ujijibu mwenyewe: siku mama watoto alipoangukia meza, ilikuwa wikiendi?

La nyumbani ndilo zito, nalo nitaliendea polepole.

Hasira iliyorusha spana na tukio la simu sioni kama ni kitu kimoja. Gereji ilikuwa usiku, basi linasubiriwa, kazi imeharibika, ukalipuka. Simu ulivunja kwa sababu kuna mtu alikuwa anamwambia mkeo aondoke. Hapo kulikuwa na hofu ya kumpoteza, na kulikuwa na kuamua nani aongee naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, watu waliofanya kazi na wanaume waliowapiga wake zao waliona kwamba wengi wao kazini na barabarani walijizuia vizuri tu. Hasira yao ilichagua mtu. Kwa hiyo wakaandaa programu yao tofauti, ambayo haizungumzii hasira tu bali mamlaka ndani ya nyumba, na inayofuatilia usalama wa mke muda wote. Hofu yao ilikuwa kwamba mume akipelekwa kwenye darasa la hasira peke yake, atajifunza kushusha sauti huku akiendelea kupekua simu, na mke atabaki kwa sababu ya cheti kilichoko ukutani.

Je, wewe ni mtu wa namna hiyo? Siwezi kusema. Barua ya kurasa mbili haitoshi, na simsikii mkeo. Naona unamheshimu kiasi cha kuandika kwamba yeye anataka urudi kule. Naona pia umeandika "sijawahi kumpiga, ila". Isome tena sentensi hiyo kama vile imeandikwa na shemeji yako kuhusu dada yako, uone utamwambia nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na huwa nawakumbusha hata wale wanaodhani mambo ya ndani hayana sheria.

Ndiyo maana aliomba kuongea naye bila wewe. Mwanamke anayeulizwa mbele ya mumewe hujibu kile kitakachomrudisha nyumbani salama. Sababu yako ya kukataa naielewa, na hulazimiki kubadilika leo. Ila ukija kukubali, ufahamu masharti: awe huru kwenda au kutokwenda, usimuulize alisema nini, na alichosema hakitaletwa kwako. Ukijiona huwezi kuvumilia hilo, usimpeleke. Mwambie yule mama hivyo hivyo, kwamba huwezi. Atapata mahali pa kuanzia nawe. Na kama mama watoto ndiye anayesoma hapa: vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na afisa ustawi wa jamii yupo. Kwenda au kutokwenda ni uamuzi wako, wala huhitaji ruhusa ya mtu.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu kundi ambalo huenda hukulifikiria. Mafundi wa Mwanza mnajuana. Ungeweza kuingia Jumamosi ukamkuta mteja wako, au mjomba wa kijana uliyemwumiza. Siri za kundi hutunzwa na watu wenyewe, hakuna kufuli. Kusimulia habari ya simu mbele ya watu kama hao kungekuwa rahisi kwako? Na wanaume wakiwa pamoja, yupo atakayesema, "Hata mimi ningeivunja," wengine wacheke, na wewe uondoke umepewa haki. Msimamizi mzuri analiona hilo kabla halijatokea.

Sasa njia zilizo mbele yako.

Semina ya siku mbili sitaitukana. Huenda utasikia mawili matatu ya maana, na mishahara ya nyumba yenye watoto watatu si jambo la mzaha. Lakini asiyekuuliza kama kuna panga nyumbani hajui amemkalisha nani karibu na nani. Utarudi kazini Jumatatu kwa bosi yule yule, vijana wale wale, basi lile lile juu ya jeki. Ikitokea spana ya pili wakati cheti kiko kwenye faili lako, nani atakutetea? Na nyumbani, mkeo atakiona kama mwisho wa shida. Je, wewe unaamini hivyo?

Unaweza kurudi kwa yule mama. Hapo hatari ni muda, nauli, na pengine bosi kusema sicho alichotaka. Lakini ulivyoniandikia, alitaka barua kwamba umehudhuria mafunzo ya kudhibiti hasira. Sikuona neno kundi. Mshauri anaweza kuandika barua fupi kwamba unahudhuria, bila kutaja mliyozungumza. Ungemwendea bosi mapema ukamweleza hivyo, kabla mwezi wa sita haujakukuta mikono mitupu.

Wengine hufanya yote mawili, cheti kwa ajili ya bosi na mshauri kwa ajili ya nafsi. Inawezekana. Jiulize tu kwa ukweli: cheti kikishapokelewa, utaendelea kwenda kwa mshauri?

Na kama kilichokukwaza ni kuzungumza na mwanamke, kama kaka yako anavyosema, wapo washauri wanaume. Unaweza kuulizia ustawi wa jamii au hospitali ya rufaa kama Bugando. Angalia tu usije ukamchagua kwa sababu anauliza machache.

Kitu kimoja sikukiona kwenye barua yako. Umeniambia habari za kazi, cheti, mke, rafiki na kaka. Kijana wa begani umemtaja mara moja, kisha akapotea. Umewahi kukaa naye tangu siku ile? Sisemi ukamwombe radhi ili bosi aone. Nauliza kwa sababu ukirudi kuwasimamia, yeye atakuwa chini ya basi na wewe utakuwa umesimama juu yake na spana mkononi.

Ukiamua kurudi kituoni, usiende kusubiri kuulizwa tu. Muulize yule mama aliona nini hasa mpaka akasema bado. Muulize ni kitu gani kikibadilika atakuweka kwenye kundi, au kama anaona kundi si mahali pako kabisa na ipo programu nyingine inayokufaa. Muulize lini mtaangalia tena, ili "baadaye" iwe na tarehe. Muulize ataandika nini kwenye barua ya bosi. Na kabla hujamweleza zaidi, muulize ni mambo gani atayatunza kama siri na ni yapi hataweza kuyatunza, kwa mfano akiona kuna mtu yuko hatarini. Una haki ya kulijua hilo mapema, na mkeo pia.

Niandikie tena, lolote utakaloamua.